Pamba Kwenye Koili

Kazi iliingia saa nane usiku. Kazi nyingi za mtandaoni huingia saa hizo, kwa sababu aliko mteja bado ni jioni, na hana habari kwamba kuna mtu Githurai amelala simu ikimmulika usoni. Skripti ya video, maneno 1,500, malipo dola 15. Mada: wanaanga waliorushwa angani wasirudi, na serikali iliyoficha vifo vyao. Masharti yalikuwa matatu. Mtazamaji anaswe na sentensi ya kwanza. Sauti za waliokufa zitajwe kabla dakika ya kwanza haijaisha. La tatu liliandikwa kwa herufi kubwa: nisitumie neno "labda".

Nilikubali kabla sijasoma mara ya pili. Ilikuwa tarehe 3. Keateka hupita milangoni tarehe 5, na tokeni za stima zilikuwa zimebaki yuniti mbili. Kazi hii yangu huwezi kuchagua. Nimeandika kuhusu meno ya mbwa, kuhusu bima ya nyumba katika miji nisiyojua kuitamka, kuhusu namna ya kuchagua zulia la sebuleni, mimi ambaye sina sebule. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nasema naandika. Akiniuliza naandika nini, naangalia saa.

Lakini hii ya wanaanga haikuwa kama ya zulia. Mimi ni mtu wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na kwetu roketi si kitu cha sinema tu. Ukisimama ufuoni ukatazama baharini utayaona majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu yake, majukwaa ya Waitaliano, San Marco. Roketi ya kwanza kubeba setilaiti kutoka pale iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ilirushwa setilaiti ambayo kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru, na ndiyo iliyochora ramani ya kwanza ya anga nzima kwa miale ya eksirei. Neno la Kiswahili, limeondoka kwetu, limo kwenye vitabu vya nyota vya dunia nzima.

Hayo niliyasoma chuoni. Nyumbani nilikua na mengine. Babu yangu alikuwa mvuvi, na alituambia kwamba siku za kurusha walikuwa wakionywa wasisogeze vyombo upande ule, basi. Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu. Kwa hivyo wakajiambia wenyewe. Kwamba Wazungu wale wanatafuta mafuta. Kwamba moshi wa roketi ndio unaofunga mvua. Kwamba kuna siku mtu alitiwa ndani ya roketi, mtu wa bara asiye na ndugu wa kumuulizia, akapaa nayo. Hiyo ya mwisho babu aliisimulia kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlangoni. Hakuna mtu aliyewahi kurushwa kutoka Ngomeni. Zile zilikuwa roketi ndogo za kubeba setilaiti, na mtu hata hangeenea. Lakini nilikuwa na miaka minane, na kwa muda mrefu kabla ya kulala nilimwombea mtu yule ambaye hakuwahi kuwepo.

Nilienda chuo kusomea fizikia kwa sababu ya majukwaa yale. Sikumaliza. Nitafika huko.

*

Kisa alichokitaka mteja kinaanza Italia vilevile, nje ya mji wa Turin. Ndugu wawili, Achille na Giovanni Judica-Cordiglia, vijana wa umri kama wangu, walikuwa na mapenzi ya redio. Mahali palipoitwa Torre Bert, katika handaki la zamani la Wajerumani, walifunga mitambo waliyoiunga kwa mikono yao na vipuri vya kuokota, wakaelekeza antena juu na kusikiliza vyombo vya Wasovieti vikipita.

Walisema walisikia mengi. Mwezi Novemba 1960, ishara ya kuomba msaada, kwa alama za Morse, kutoka kwenye chombo kilichokuwa kinazidi kwenda mbali na dunia. Mwezi Februari 1961, mapigo ya moyo na mtu anayepumua kwa shida. Na ile iliyowapa jina duniani: sauti ya mwanamke, kwa Kirusi, akilalamika kuhusu joto, akisema anaona moto. Kisha kimya. Kwa mujibu wao, kabla Yuri Gagarin hajatangazwa kuwa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, tarehe 12 Aprili 1961, wengine walikuwa wametangulia wakafia huko, na Moscow ikanyamaza.

Kanda hizo zipo, mtu yeyote anaweza kuzisikiliza. Mimi nilizisikiliza usiku, masikioni, taa imezimwa kuokoa stima. Sijui Kirusi hata neno moja. Lakini pumzi haina lugha. Nilipofika kwa yule mwanamke nilivua spika za masikioni na kukaa kitandani nikisikiliza mtu wa juu akivuta kiti. Wacha nikubali: kwa muda wa dakika kama kumi niliamini kila kitu.

Halafu yule mwanafunzi wa fizikia aliyebaki ndani yangu akaanza kuuliza maswali. Ili chombo kizunguke dunia kinahitaji kasi ya kama kilomita 7.8 kwa sekunde. Ili kiiache dunia kabisa kinahitaji kama 11.2. Chombo cha Vostok, kile cha kubeba mtu, kilikuwa na uzito wa karibu tani tano, na roketi iliyokuwepo mwaka 1960 iliweza kukifikisha kwenye obiti tu, si kukitupa mbali na dunia. Hesabu hiyo naijua hata mimi niliyeacha chuo. Wanaojua Kirusi nao wanasema yule mwanamke anakosea lugha ambayo ingepaswa kuwa ya mama yake, na hazungumzi kama rubani wa kijeshi anavyofundishwa kuzungumza na kituo. Hakuna kituo kingine cha kusikiliza kilichothibitisha. Na baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, kumbukumbu zikafunguliwa, shajara zikachapishwa, wazee wa mradi wakasimulia mpaka yale ya kuwaaibisha. Katika yote hayo hakuna mwanamke aliyeungua angani, wala aliyepotelea huko kabla ya Gagarin.

Tena waliokufa kweli wakiwa safarini walitangazwa. Vladimir Komarov, ambaye parachuti ya chombo chake ilikataa kufunguka vizuri tarehe 24 Aprili 1967, siku mbili tu kabla ya ile roketi ya kwetu Ngomeni, alizikwa kwa heshima zote Moscow. Watatu wa Soyuz 11 mwaka 1971, vivyo hivyo.

Kwa hivyo ni uongo. Ningeweza kufunga faili hapo, niandike dola 15 zangu nilale. Shida ni kwamba serikali ilikuwa imeficha kitu kweli.

*

Kila aliyepita chuo hapa kwetu anaijua koili. Ile ya umeme, waya umejikunja kama nyoka aliyelala, imepigwa marufuku hosteli zote na iko chini ya kila kitanda. Tumepikia chai juu yake, ugali, mayai, na kila muhula kuna pazia la mtu linaloungua.

Valentin Bondarenko alikuwa na jiko la aina hiyo. Alikuwa na miaka 24, mdogo kuliko wote katika kundi la kwanza la marubani 20 walioteuliwa mwaka 1960 kufunzwa uanaanga, kundi lile lile la Gagarin. Ana mke na mtoto mdogo wa kiume. Mwezi Machi 1961 alifungiwa peke yake Moscow katika chumba cha majaribio, kimya kabisa, shinikizo la hewa limepunguzwa na oksijeni imezidishwa, waone mwili na akili vitavumilia vipi. Alikaa siku kumi. Siku ya kumi alibandua vifaa vya daktari mwilini, akajipangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, akaitupa pamba bila kuangalia. Ikaangukia kwenye koili.

Mahali penye oksijeni nyingi namna hiyo, moto hauanzi, unalipuka. Nguo zake zikashika. Na mlango haungeweza kufunguliwa papo hapo kwa sababu ya tofauti ya hewa ya ndani na ya nje, ikabidi wasubiri isawazishwe, wakati yeye yumo. Alifia hospitalini saa kadhaa baadaye, tarehe 23 Machi. Siku ishirini baada ya hapo Gagarin alipaa, dunia nzima ikapiga makofi, na jina la Bondarenko halikutajwa popote. Lilikuja kuchapishwa Aprili 1986, kwenye gazeti la Izvestia, na mwandishi Yaroslav Golovanov. Miaka 25.

Kuna na Grigori Nelyubov. Huyu alikuwa wa tatu kwenye foleni ya safari ya kwanza: Gagarin, halafu Titov, halafu yeye. Mwaka 1963 yeye na wenzake wawili walilewa, wakakorofishana na askari wa doria kwenye stesheni ya treni. Wangeomba radhi yangeisha. Nelyubov akakataa. Wote watatu wakafukuzwa, yeye akapelekwa mbali, mashariki ya mwisho kabisa ya nchi, na huko alikuwa akiwaambia watu kwamba aliwahi kuwa karibu na Gagarin namna ile, na hawakumwamini. Tarehe 18 Februari 1966 aligongwa na treni, na ilionekana alijitakia mwenyewe.

Ungemwamini vipi, wakati hata kwenye picha hayupo? Kuna picha ya kundi lao iliyopigwa Sochi mwaka 1961. Katika nakala zilizochapishwa baadaye, mahali alipokuwa amesimama Nelyubov pamepakwa rangi akatoweka. Mmarekani mmoja, James Oberg, ndiye aliyeweka matoleo mawili ya picha moja kando kwa kando akaona kwamba nyuso zinapungua. Sasa wewe ungekuwa msomaji wa miaka hiyo, umeona mwanaanga alikuwepo na sasa hayupo, ungefikiria nini? Ungefikiria walevi wa stesheni? Ungefikiria amefia angani.

Hata ile sanamu ina kisa chake. Mwezi Machi 1961 Wasovieti walirusha mara mbili sanamu ya mtu, waliyoipa jina la Ivan Ivanovich, imevaa suti kamili ya mwanaanga. Walipojaribu redio wakatumia kanda ya kwaya, ili anayesikiliza kutoka nje asije akadhani kuna mtu halisi mle ndani. Usoni mwa sanamu wakaandika neno la Kirusi lenye maana ya mfano, ili mwanakijiji akiiokota asidhani ni maiti. Waliijua hatari ya uvumi. Walichokosa kujua ni kwamba uvumi hauzuiwi kwa kwaya. Unazuiwa kwa kusema.

*

Usiku wa pili nilikaa na kitu kimoja kilichokataa kunitoka: ukweli ulikuwa mdogo. Mwanamke anayeungua kati ya nyota ni mkubwa, unaweza kumtengenezea filamu. Pamba kwenye koili ni ajali ya hosteli. Kijana mlevi asiyetaka kusema samahani, huyo yuko kila mtaa. Nadhani hiyo ni nusu ya sababu ya kuficha. Ukiwa umejitangaza mkubwa, kinachokuaibisha si msiba. Ni udogo wa chanzo chake.

Na kuficha kuna bei. Tarehe 27 Januari 1967, Wamarekani watatu, Grissom, White na Chaffee, waliteketea ndani ya chombo chao kikiwa bado ardhini, kwenye majaribio, kimejazwa oksijeni tupu, na mlango wake ukikataa kufunguka kwa haraka. Wapo wanaosema kama habari za Bondarenko zingejulikana mapema, wale watatu wangeokoka. Wapo wanaojibu kwamba Wamarekani walikuwa wameshaona moto wa aina hiyo kwenye vyumba vyao wenyewe, na onyo walikuwa nalo. Hapa ndipo neno "labda" lina kazi, na ndilo nililokatazwa.

Niliandika skripti yangu hivyo. Nikaweka kanda za Torre Bert, nikaeleza kwa nini haziaminiki, nikamweka Bondarenko katikati. Nikaituma saa kumi alfajiri ya tarehe 4, nikiwa nimefurahi kwa mara ya kwanza katika kazi hii. Jibu lilikuja ndani ya saa moja. Mteja alisema imeandikwa vizuri lakini mtazamaji ataondoka. Hakuna anayekaa dakika kumi kusikiliza habari za pamba. Nitoe pamba, nibakishe mwanamke, niondoe maswali, au kazi apewe mwingine.

Niliitoa pamba. Tarehe 5 keateka alipobisha nilikuwa na kodi. Sijivunii. Mahali fulani duniani kuna video ambayo maneno yake ni yangu, inawaambia watu kwamba mwanamke yule alikufa kweli na kwamba wanaokataa wamelipwa. Haya unayosoma ndiyo aliyoyakata.

*

Sasa pamba yangu.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, Mama alinitumia shilingi 23,000 za karo. Zilikuwa zamu yake ya chama, na pesa za mahamri ya miezi mingi. Balansi ya karo ilikuwa 30,000. Mtu mzima angelipa 23,000, aende ofisini, aombe muda kwa zilizobaki. Mimi niliona afadhali niziongeze zifike. Kuna mchezo wa kamari wa kwenye simu, kindege kinapaa, na pesa yako inaongezeka kadiri kinavyopaa, na kikitoweka kabla hujatoa umeliwa. Nilianza saa tatu usiku. Saa tisa nilikuwa na shilingi 140.

Hakuna karo, hakuna kadi ya mtihani. Hakuna mtihani, hakuna mwaka wa tatu. Hiyo ndiyo hadithi yote. Sikufukuzwa, sikuugua, hakuna mwalimu aliyenidhulumu. Ni usiku mmoja wa ujinga, na ningeweza kuusema asubuhi yake.

Sikusema. Nilijitoa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nilihama nikaja Githurai. Mama akipiga simu niliacha ikalia, halafu nikatuma ujumbe: niko darasani, niko maktaba, niko kwenye mitihani, niko sawa. Kwanza nilimwambia matokeo yametoka mazuri. Halafu yakacheleweshwa. Halafu kukawa na mgomo, na kusema kweli mgomo ulikuwepo, nao ulinisaidia sana. Serikali moja ndogo, ya mtu mmoja, chumba kimoja. Niliweza kupaka rangi picha.

Kilichonishangaza ni kasi ya uvumi kujaza pale nilipoacha wazi. Binamu yangu aliyekuwa chuo hicho hicho alisema nyumbani kwamba hanioni siku hizi. Ndani ya miezi michache nilikuwa na maisha manne Ngomeni. Nilikuwa na mimba na naficha tumbo Nairobi. Nilikuwa nimeolewa na mzee wa Kitaliano huko Watamu. Nilikuwa nimekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani na nimenyang'anywa pasipoti. Shangazi hata alikuwa na mtu aliyenisikia kwenye simu nikilia kwa Kiarabu. Mimi sijui Kiarabu kama vile yule mwanamke wa Torre Bert hajui Kirusi.

Niliposikia hayo nilicheka. La nne sikulisikia mpaka juzi.

Jumapili baada ya kulipwa nilimpigia Mama. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekaa na zile dola 15 zilizobaki shilingi mia tatu baada ya kodi na unga, na nikawa namfikiria yule mtoto wa Bondarenko, aliyekua akipita mbele ya mabango ya Gagarin.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona wapiga saa hizi, kuna nini?"

Nikasema yote. Pesa, mchezo, saa tisa, kadi ya mtihani, miaka miwili. Nilisema haraka, kama mtu anayebandua plasta. Nilipomaliza nikasikia kuku wa jirani, na mtu akitwanga.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mama."

"Hukuolewa."

"Sikuolewa."

"Huna mtoto mahali."

"Sina."

"Na ile dini?"

"Dini gani?"

Hapo ndipo aliponiambia. Aprili 2023, maiti zilipoanza kufukuliwa msitu wa Shakahola, watu waliokuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, mimi nilikuwa sijapokea simu yake wiki tano. Nilikuwa najibu kwa ujumbe tu. Shakahola si mbali na kwetu. Kila siku zilitolewa nyingine, mpaka zikapita mia nne, na kila mtu mwenye mtoto asiyemsikia alikuwa anahesabu. Siku moja Mama alifunga meza yake ya mahamri, akapanda matatu hadi Malindi, akasimama kwenye foleni ya watu waliokuwa wakiandikisha majina ya jamaa zao waliopotea. Alisimama tangu asubuhi. Mbele yake kulikuwa na mzee aliyebeba picha ya mkwewe na wajukuu watatu. Alipokaribia meza aliona aibu. Angesema nini? Kwamba mwanawe yuko chuo kikuu na anamtumia ujumbe kila baada ya siku mbili? Akatoka kwenye foleni akarudi nyumbani.

"Lakini nilikuwa nakutumia ujumbe, Mama. Nilikuwa nasema niko sawa."

"Ujumbe aweza kuandika mtu yeyote," akasema. "Mimi nilitaka sauti."

Sikuwa na la kusema. Nimeandika maelfu ya maneno kwa niaba ya watu nisiowajua, na nilijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba alichosema ni kweli.

Hakunikemea kwa ajili ya pesa. Nilimngoja anikemee. Alisema pesa hupotea, hata baba yako alizama na nyavu za watu na tukalipa. Alichokitaja ni foleni tu. Alirudia mara mbili kuhusu yule mzee mwenye picha, kwamba mpaka leo hajui kama alimpata mtu wake, kwamba yeye mwenyewe alimchukulia nafasi asubuhi nzima mtu mwenye msiba wa kweli, akimtafuta mtu aliyekuwa amelala Githurai. Halafu akalia kidogo, kwa hasira, na mimi nikashika simu.

Nimefikiria sana kuhusu hilo la kuchukua nafasi. Wanaanga wa kubuni wamechukua nafasi ya Bondarenko kwa zaidi ya miaka sitini. Watu wanaoweza kukusimulia yule mwanamke wa moto mpaka anavyopumua hawajui jina la kijana aliyeungua kweli. Na kosa halianzii kwa wale ndugu wa Turin, wala kwa mteja wangu, wala kwangu niliyeandika, ingawa kila mmoja ana fungu lake. Linaanzia kwa aliyekuwa na ukweli mdogo mkononi, asubuhi ile ile, akaona aibu kuutoa.

Kabla hajakata simu Mama aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza nimekula nini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimjibu kitu kilichokuwa kweli: ugali na sukuma, bila mboga nyingine. Akanyamaza, akahesabu kitu kichwani.

"Na Shangazi utamwambia nini?" nikamuuliza. "Na binamu, na watu wa chama?"

"Mimi?" akasema. "Utawaambia mwenyewe. Uje idi, ukae hapo kwenye mkeka, uwaambie mmoja mmoja. Mimi si msemaji wa serikali yako."